Malawi niliyoiona Beni, na kwanini naona watu wa Mbeya tunapaswa kuijua

Hapa Mbeya ukitaja Malawi mtu anafikiria Kasumulu, anafikiria malori, mchele wa Kyela, labda na ule mvutano wa mpaka ziwani, imeisha. Mimi nikisikia Malawi akili inaenda Beni, Kongo mashariki, na inaenda kwa kijana mmoja wa jeshi lao anaitwa Chancy Chitete. Nimeona niandike kwasababu kila nikikaa na watu, iwe Mwanjelwa, iwe kule kwetu Tukuyu, swali ni lilelile, mlikuwa mnalipwa dola ngapi, yani hakuna anayeuliza mlikuwa mnafanya nini kule na ilisaidia nani.

Mimi nilienda kama raia. Nilikuwa mtu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ndo wale wanaitwa UNV, nikapangiwa kitengo cha masuala ya kiraia cha MONUSCO, yani misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo, ofisi ya Beni, Kivu Kaskazini. Niliingia mwishoni mwa 2018 na sidhani kama kulikuwa na kipindi kigumu zaidi cha kuingia. Ebola ilishatangazwa tangu tarehe 1 Agosti mwaka huohuo pale Mangina ambapo ni jirani kabisa na Beni, alafu waasi wa ADF wanaingia vijijini usiku na mapanga. Ile ebola ilikuja kutangazwa imeisha Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 kati yao wakafariki. Kwaiyo unaishi kwa kunawa maji ya klorini kila kizuizi, unapimwa joto la mwili, husalimiani na mtu kwa mkono, na giza likianza tu kila mtu yuko ndani anasikiliza milio inatokea upande gani.

Niwarudishe nyuma kidogo kwa ambao hawajui hii habari ilianzaje. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi ndani ya MONUSCO ambayo wengi wanaijua kwa jina la FIB, wanajeshi 3,069, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tofauti yake na walinda amani wa kawaida ni kwamba hawa waliruhusiwa kuyafuata makundi yenye silaha na kupigana nayo, sio kukaa getini na kofia ya bluu kusubiri kushambuliwa. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali wetu James Mwakibolwa, na jina hilo mtu wa Rungwe au Kyela hahitaji kuelezwa. Novemba mwaka huo waasi wa M23 wakashindwa, watu wakashangilia, alafu macho yakahamia kaskazini huku Beni kwa ADF, na kule ndo mambo yakawa magumu kweli kwasababu ADF hawakai mahali ukawaona, wako msituni, wanakuja wachache wachache na wanaua raia makusudi.

Sasa Malawi. Ni nchi ya kilomita za mraba kama 118,000 hivi, sehemu kubwa tu ya hizo ni ziwa, sensa yao ya 2018 ilihesabu watu kama milioni 17 na nusu, uchumi wao kila mtu wa mpakani anaujua, mafuta yakikosekana kule huku tunasikia siku hiyohiyo. Nchi hiyo ilitoa batalioni nzima ikasimama mstari mmoja na Afrika Kusini yenye helikopta zake za kivita. Na sio kwamba walianzia Kongo, miaka ya 1980 wanajeshi wao walikuwa wanalinda reli ya kwenda Nacala vita ya Msumbiji ikiwa imepamba moto, na 1994 walikuwepo Rwanda. Nchi ndogo hizi huwa hazisemwi. Habari ikitoka utasikia Umoja wa Mataifa umefanya hiki umeshindwa kile, lakini anayelala kwenye handaki ni kijana wa Zomba au wa Iringa.

Mara ya kwanza kwenda kambi ya Wamalawi nilikuwa nimetumwa kusaidia kwenye kikao na wazee wa kijiji. Shida yao kubwa ilikuwa lugha, wengi wao walikuja na Kichewa na Kiingereza, na Beni watu wanaongea Kiswahili, Kinande na Kifaransa, kwaiyo kwenye doria mwanajeshi anapita katikati ya watu kama bubu. Wanajeshi wetu wa Tanzania hilo halikuwasumbua, walikuwa wanakaa kwenye kibao cha muuza ndizi wanapiga stori, na hiyo peke yake ilikuwa silaha ambayo nchi tajiri hazina. Basi nikajitambulisha pale, sajini mmoja akasikia jina langu la ukoo akanigeukia akasema ughonile, salamu yetu ya Kinyakyusa. Nilishtuka kinoma. Anatokea Karonga, Mngonde, na Wangonde na sisi Wanyakyusa ni watu wamoja wametenganishwa na mto Songwe tu. Kuanzia siku ile mimi nilikuwa dada yake, na nikiwa na shida na gari au na ruhusa ya kwenda mahali nilikuwa najua nianzie kwa nani. Mnaodhani mambo ya ukoo na majirani yanaishia kwenye misiba na harusi nawaambia yanafika mpaka msituni Kongo.

Ila nataka niongelee hasa kazi, maana hapo ndo kuna somo ambalo naona halisemwi.

Kulikuwa na akina mama wa vijiji vya kuelekea Oicha, wakulima, kule wanalima sana kakao na mpunga. ADF walikuwa wanawaua mashambani, hasa mavuno yakiwa tayari, maana wanataka na chakula. Mama anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa miguu anaingia shambani, anarudi saa tisa alasiri na mzigo kichwani. Doria za magari zilikuwa zinapita barabara kubwa saa nne asubuhi. Kwenye ripoti inaonekana vizuri tu, doria imefanyika, kilomita kadhaa, hakuna tukio, lakini saa nne asubuhi pale barabarani hakuna mtu wa kumlinda, watu wote wako porini, na wauaji nao wako porini. Wazee wanaume tulikaa nao vikao na vikao wakawa wanatuambia ongezeni askari, ongezeni magari. Waliokuja kusema ni saa ngapi na njia ipi ni wale akina mama, na walisema kwasababu Wamalawi walikuwa wamepeleka timu ya wanajeshi wanawake, mabinti tu wale, wakakaa nao chini kwenye mikeka wakamenya mihogo pamoja, mimi natafsiri. Mbele ya mwanaume mwenye bunduki wasingesema, na mbele ya waume zao pia wasingesema, maana kuna mama anaenda shamba la mbali kwa siri kwasababu mumewe ameshamkataza na watoto hawana chakula.

Ile taarifa ikarudi kambini. Hapa sasa ndo unaona kazi ya jeshi na ya kiraia ilivyo kitu kimoja, kwasababu taarifa peke yake haimlindi mtu. Kutoa doria ya miguu saa kumi na moja alfajiri mpaka kwenye njia panda ya mashamba maana yake kamanda akubali hatari, awe na uhakika mtu akipigwa risasi anatolewaje pale, gari la wagonjwa liko wapi, helikopta itaruka au haitaruka, jeshi la Kongo liwe na habari ili wasipigane wao kwa wao gizani. Ilichukua muda, kulikuwa na kusukumana kwingi kwenye vikao, lakini kamanda yule wa Malawi alikubali, wakaanza kwenda kwa miguu siku za shamba na kusimama pale mpaka wale mama warudi. Sisemi mauaji yaliisha Beni, hayakuisha, na ningekuwa nawadanganya. Nasema wale mama walivuna msimu ule, na baada ya hapo simu zikaanza kuja. Mtu anapiga anasema kuna watu siwajui wamevuka mto upande fulani. Kabla ya hapo alikuwa hapigi maana ampigie nani na kwa faida gani.

Na niwataje watu ambao hawatajwi kabisa, wale wasaidizi wa mawasiliano na jamii, Wakongo wenyewe, MONUSCO inawaajiri wanakaa kambini na wanajeshi, kila kambi inakuwa na mmoja au wawili. Hao ndo simu ziko kwao usiku na mchana, wanajua chifu gani anaelewana na nani, nani amehama na kwanini. Sisi wageni tulikuwa na kambi na ukuta, mkataba ukiisha unapanda ndege. Wao familia zao ziko kijijini, adui anajua nyumba zao. Nilifanya kazi na kijana mmoja wa aina hiyo ambaye alikuwa analala na simu kifuani na vocha tulikuwa tunachangishana ofisini zikichelewa kuja. Ukiniuliza nani alikuwa mtu wa muhimu kuliko wote kwenye ule ulinzi wa amani nitakwambia huyo, kuliko kanali, kuliko mimi, kuliko mtu yeyote aliyekuja na suti kutoka New York.

Tulikuwa na vijimradi pia, vile vya haraka ambavyo kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, tukaweka taa za sola sokoni, tukasaidia kukarabati zahanati. Vinasaidia, sikatai, lakini visiwe ndo picha nzima, maana watu wanapenda kupiga picha za kukata utepe na taa haimzuii mtu mwenye panga.

Sasa nirudi kwa Chitete.

Nilipofika Beni habari ilikuwa mbichi bado. Novemba 2018 wanajeshi wa FIB waliingia msituni upande wa Kididiwe kwenye ngome za ADF, Malawi na Tanzania wako pamoja, wakakutana na moto mkali. Katika yale mapigano Koplo wetu Ali Khamis Omary alijeruhiwa vibaya hawezi kutembea, yuko wazi kabisa mbele ya risasi. Private Chitete, Mmalawi, sio kikosi chake, sio nchi yake, akamvuta mpaka sehemu ya kujikinga akaanza kumpa huduma ya kwanza, na akiwa katika kumwokoa mwenzake akapigwa risasi yeye. Omary akapona. Chitete akafariki, na siku zile Malawi walizika vijana kadhaa wa operesheni hiyohiyo. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ukampa nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya ujasiri wa kipekee, familia yake ndo ikapokea. Mbaye Diagne mwenyewe ni yule kapteni wa Senegal aliyeokoa watu Rwanda 1994 mpaka akauawa, na nishani yenye jina lake haitolewi ovyo.

Kuna Mtanzania anapumua leo kwasababu ya kijana wa Malawi. Mimi hili jambo linaniuma nikikuta hapa Mbeya, masaa machache tu kutoka mpakani, hakuna mtu analijua. Watoto wetu wanajifunza vita za mbali huko, hii hawafundishwi. Ningekuwa na uwezo pale Kasumulu pangekuwa na jina lake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 7 Disemba 2017, sisi Watanzania tulipigwa kambini Semuliki, hukohuko Beni. Hiyo wengi mnaikumbuka, wanajeshi wetu 14 walitangazwa kuuawa kwenye shambulio moja na majeruhi wengi, miili ikaja Dar nchi nzima ikalia, na Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, akasema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani kwa kipindi cha karibuni. Lakini kilichofuata baada ya mazishi wengi hawakukifuatilia. Umoja wa Mataifa ulimtuma Dmitry Titov kuchunguza, na uchunguzi ukasema taarifa zote zilizopo zinaonyesha ADF ndo walifanya, na kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu kwenye ile kambi au kuwatoa wale vijana, na kulikuwa na upungufu wa vitu vya lazima kama ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Someni hiyo sentensi mara mbili. Nchi kama zetu tunatoa watu. Helikopta, barabara ya kufikia kambi, macho ya kuona adui anakusanyika wapi, hivyo vinatakiwa kutoka kwa wengine, na visipokuja au vikichelewa anayelipa ni aliyetoa watu. Nilikaa vikao vingi Beni nikiwa naisikia hiyo hesabu bila mtu kuitamka, daktari wa Malawi anauliza helikopta ya majeruhi inaruka usiku au hairuki, na jibu linakuja lina masharti mengi kweli.

Na lile swali la dola ngoja nilijibu. Kuanzia Julai 2018, kipindi nilichokuwa kule, Umoja wa Mataifa ulikuwa unarudishia nchi dola 1,428 kwa kila mwanajeshi kwa mwezi. Inaenda serikalini, na kila nchi ina utaratibu wake wa kumlipa askari wake. Sasa gawanya hiyo kwa siku alafu uniambie kama ndo bei ya kwenda Kididiwe. Mimi nilikuwa napata posho ya kujikimu kama UNV na iliniwezesha, namshukuru Mungu, ila maneno ya kwamba hawa wanafuata hela siyavumilii tena, hasa yakisemwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na mjane.

Lazima niseme na hili la Novemba 2019 maana bila hilo nitakuwa nimewapa upande mmoja. Jeshi la Kongo lilianza operesheni mwishoni mwa Oktoba, ADF wakajibu kwa kuua raia, wiki baada ya wiki, na tarehe 25 Novemba watu wa Beni wakachoka. Wakachoma ofisi ya meya, wakavamia eneo la MONUSCO pale Boikene wakachoma na majengo. Tulihamishwa haraka na nguo za mwilini. Kati ya waliokuwa wanarusha mawe kulikuwa na vijana tuliowajua kwa majina, tuliokaa nao kwenye vikao. Wenzangu wengine walikasirika wakasema hawa watu hawana shukrani. Mimi sikuliona hivyo na mpaka leo silioni hivyo. Mtu amezika ndugu zake jana, anaona magari meupe yamepaki yanang'aa, helikopta inapita juu, na usiku hakuna aliyekuja. Ungekuwa wewe ungefanyaje. Walichokuwa wanadai ni kilekile walichosema wale mama wa kakao, tuwepo pale wanapofia saa wanapofia.

Tuliporudi kazini baada ya vurugu, milango iliyofunguka ya kwanza ilikuwa ya vijiji ambavyo zile doria za miguu zilipita. Kule mjini tulizomewa miezi mingi. Hiyo tofauti sikuambiwa na mtu, niliitembea mwenyewe.

Alafu ikaja hii ya SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Disemba 2023 nchi zilezile tatu, Tanzania, Afrika Kusini, Malawi, zikarudi Kivu kwa jina jingine, SAMIDRC, kupambana na M23 walewale wa 2013, safari hii M23 wenye nguvu kuliko mwanzo. Mimi nilikuwa nishamaliza nipo nyumbani. Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23, Afrika Kusini wakapoteza wanajeshi 14, Malawi 3, sisi 2, na tarehe 13 Machi viongozi wa SADC wakafunga misheni, vikosi vikaondoka kwa barabara kupitia Rwanda mpaka Chato. Siku zile nilikuwa nashindwa kula. Nilimtafuta yule sajini wa Karonga kwenye simu mpaka nikampata, alishastaafu, ana mashamba yake, lakini mdogo wake alikuwa kule na akarudi mzima, tukalia wote kwenye simu, yeye Karonga mimi Tukuyu.

Mtazamo wangu kwa nilichokifanya Beni ni kwamba serikali zetu zikiulizwa tena, na zitaulizwa tu, Bunge liulize kabla vijana hawajapanda ndege: helikopta za nani, zinaruka usiku, mpango wa kuwatoa uko wapi na umeshafanyiwa mazoezi? Na wapelekwe wanawake wa kutosha, na raia wa kutosha wanaojua kukaa mkekani, kutoka siku ya kwanza. Misheni ya bunduki tupu itapigana vizuri na bado haitajua saa mama anapoenda shambani.

Kwa vijana mnaonifuata hapa Uyole na chuoni mnaniuliza naingiaje UNV, jibu langu ni hili. Kifaransa anza leo, maana Kongo, Afrika ya Kati na kwingine bila Kifaransa utakuwa mtu wa kutafsiriwa kila kitu. Leseni ya gari iwe ya kweli na ujue kuendesha gari la gia kwenye tope, kule unapimwa na usipofaulu hupewi gari. Uzoefu wa kazi za vijijini, VICOBA, afya ya jamii, ushirika wa kahawa wa Mbozi au wa chai Rungwe, usiudharau uandike kwenye maombi, ndo kazi yenyewe hiyo. Na kama una ndugu Karonga au Chitipa mtembelee kabla hujaondoka, jifunze na Kichewa kidogo.